Hotuba ya Prezida Eustache Siku ya Kusomwa Majina ya Chuo

Mheshimiwa Padri, mwenye kanisa hili ambalo sisi tumekaa chini yake. Mheshimiwa mlinzi wa jengo, uliyetufungulia mlango na ambaye naona unautazama ufunguo. Wazee wangu wa Uvira, wa Bukavu, wa Bujumbura na viunga vyake vyote. Mama zetu, na mama wa mama zetu. Wajumbe wa mashirika ya serikali ya Kanada, ambao tumewaalika na ninaamini wako njiani. Mabibi na mabwana, vijana wa leo na wa kesho, watoto mliobebwa na mliokuja kwa miguu yenu. Itifaki imezingatiwa, na palipobaki naomba ijizingatie yenyewe.

(Hapo hata koo hajasafisha. Huyo ndiye Eustache, rais wa Umoja wa Familia za Maziwa Makuu hapa Toronto. Sisi tunamwita Prezida, maana usipomwita hivyo hageuki. Nyumbani alikuwa katibu wa komini, ile ofisi ya serikali ya tarafa, mtu wa muhuri. Vita ikaenda na muhuri, yeye akabaki na sauti. Mimi Libérata nilikaa kiti cha mbele kabisa, goti nimelinyoosha, kwa hiyo niliyoyasikia nimeyasikia. Kama nimetia chumvi, ni ile iliyomdondoka mwenyewe mdomoni.)

Ndugu zangu! Leo hii, mwezi wa sita, mwaka elfu moja mia tisa tisini na nane, chini ya dari hii, juu ya sakafu hii, ndani ya Parkdale hii, tunakuja kufanya jambo ambalo halijapata kufanywa na jumuiya yoyote ya wakimbizi katika bara lote la Amerika ya Kaskazini, na nimefanya utafiti, nimepiga simu. Tunakuja kusoma hadharani majina ya watoto wetu wanaomaliza shule ya sekondari na kuingia chuo kikuu, kazi ambayo imeratibiwa, imesimamiwa na kupaliliwa na Kituo chetu cha Maandalizi na Mwelekeo wa Chuo Kikuu, ambacho mwanzilishi wake, kwa unyenyekevu, sitamtaja, ila mnamwona. Kituo!

("Kiko!" tukaitikia. Ndiyo salamu aliyotufundisha tangu Krismasi: yeye anasema Kituo, sisi tunasema Kiko. Hata watoto wa chekechea wanaijua.

Sasa hii ya kusoma majina, nikueleze. Kule kwetu mtoto akimaliza shule anafanya mtihani wa serikali, halafu mnakaa. Mnangoja redio. Siku majina yanasomwa mtaa mzima kimya, hata mbuzi anafungwa mdomo. Ukisikia jina la mtoto wako, unatoka nje mbio na kopo la poda, unammwagia kichwani mpaka anakuwa kama ametoka kwenye gunia la unga, na watu wote barabarani wanajua: huyu kafaulu. Halafu wakubwa wa komisheni ya serikali ndio wanapanga, wewe udaktari, wewe ualimu, wewe kilimo. Mtoto hajipangii. Mzazi hapangi. Unasomwa, unakwenda.

Ndiyo maana binti yangu Amandine alikuwa amekaa pembeni yangu na mkoba mapajani, na ndani ya mkoba kopo la poda ya watoto, jipya. Upande wa pili mjukuu wangu Joyeuse, amenuna. Kwa nini amenuna? Kwa sababu chuo alikuwa nacho tayari! Alijaza fomu mwenyewe shuleni wakati wa baridi, kwa yule mwalimu wao wa ushauri, na chuo kikuu kimoja kilichoko Hamilton kikamjibu: njoo, tumekupa nafasi ya uuguzi. Kilichobaki ni kurudisha kadi kwamba amekubali. Na isipoingia posta siku ile, nafasi anapewa mwingine. Kadi ilikuwa kwenye mfuko wa sketi yake, stempu imebandikwa, inapata joto.

Lakini Amandine akasema, "Jina halijasomwa. Hicho si chuo, hiyo ni karatasi." Na kama lisingesomwa siku hiyo, Jumatatu Joyeuse anaingia kiwanda cha vifuniko vya ndoo, mama yake ameshamwombea nafasi. Utaniuliza, si aiposti tu kimya kimya? Mtoto yule hawezi kwenda dukani kununua maziwa bila kusema "Mama, natoka." Ataendaje Hamilton kwa siri?)

Ndugu zangu, niwaulize: chuo kikuu ni nini? Nani anajua? (Joyeuse akanyanyua mkono. Hakumwona.) Hakuna anayejua! Na hapo ndipo Kituo kilipoona pengo. Chuo kikuu hakiingiwi hivi hivi, kama mtu anayeingia kwenye gari la reli la barabara ya Queen, ana tiketi hana tiketi anasukuma. Chuo kikuu kina njia, Wazungu wanaita pathwei, na pathwei hiyo ina stekiholda wake, ina strateji yake, ina kapasiti bildingi, ina fezi wani, ina fezi tuu, na baina ya fezi wani na fezi tuu kuna kipindi cha tathmini ambacho mimi binafsi nimekitathmini nikiwa sijalala. Takwimu za Kituo zinaonyesha kwamba asilimia tisini na sita ya watoto wetu wana vichwa vizuri, na asilimia nne zilizobaki zinashughulikiwa. Takwimu zinaonyesha kwamba mtoto aliyeandaliwa na Kituo ana uwezekano mara kumi na saba zaidi ya mtoto ambaye hakuandaliwa, na hata mkiniuliza uwezekano wa nini, nitawajibu: wa kila kitu!

(Makofi. Waliopiga kwa nguvu ni wanaume wa nyuma, maana alasiri ile Brazil wanacheza Kombe la Dunia na walidhani akipigiwa makofi atamaliza. Hawamjui. Eustache ukimpigia makofi ni kama umemwongezea mafuta.)

Asanteni, asanteni, kaeni. Tulipoanza, mlikuwa wapi? Wazazi mlikuwa mnahangaika. Mtoto anakuja nyumbani anasema, "Mama, huku kila mtu anajiombea chuo mwenyewe." Jamani! Tangu lini mtoto anajiombea chuo? Nchi yenye akili zake, yenye barabara za chini ya ardhi, yenye mashine inayokutolea kahawa, itawaachia watoto wa miaka kumi na minane wajichagulie wenyewe nani awe daktari? Nikawaambia: haiwezekani, komisheni ipo. Ni kwamba imejificha, kwa sababu ya ustaarabu. Na komisheni hiyo inahitaji mtu wa kukaa nayo meza moja, mtu wa kuzungumza nayo lugha ya kiutawala. Nikajitolea. Nikachukua ripoti za watoto wenu, nikachukua matakwa yenu, huyu sheria, huyu udaktari, huyu awe balozi, nikasema, "Nendeni mkalale."

(Tukalala, kweli. Mtu wa kwanza kulala alikuwa Baba Brice, jirani yetu wa ghorofa ya nane, fundi viatu, mtu mpole kupita kiasi. Alimpelekea Prezida ripoti zote za shule za mwanawe Brice tangu wafike nchi hii, kazifunga kwa kamba ya viatu. Brice anataka kuwa mhandisi. Alipomwambia baba yake kwamba shuleni kuna fomu za kujaza kabla baridi haijaisha, Baba Brice akamwambia, "Nyamaza, mwanangu, utamvurugia Prezida." Siku ile alikuwa amekaa nyuma yangu, na yeye kopo lake la poda magotini, ameliweka wima kama mshumaa.)

Hapa nataka nitoe onyo, na onyo hili nalitoa kama baba. Kumezuka bahasha. Narudia: bahasha! Zinapenyezwa chini ya milango, zinaingia kwenye visanduku vyetu pale chini karibu na lifti, zimeandikwa "Hongera", zina nembo ya rangi, zinasema mtoto wako amekubaliwa hapa, amekubaliwa pale. Ndugu zangu, huyo anayekukubali bila kukuona ni mtu gani? Komisheni haiandiki "Hongera". Komisheni haifurahi! Komisheni inaita jina lako, basi.

(Amandine akanigonga kiwiko: "Umesikia, mama?" Nikasikia. Na kosa si lake, maskini. Mwaka tulioingia nchi hii ilikuja bahasha kubwa kama mkeka, imeandikwa jina lake kwa wino mwekundu, hongera, umeshinda dola milioni. Amandine, ambaye usiku kucha anawaogesha wazee wa watu, akapiga vigelegele mpaka jirani akaita polisi. Tulichinja kuku. Tulialika watu. Tukaja kuambiwa na Joyeuse, alikuwa kadogo bado, kwamba jengo zima limepata bahasha ile ile, hata yule Mreno aliyekufa. Tangu siku hiyo ukimwambia Amandine kitu kimekuja na posta, anakuuliza, "Na kuku nichinje?")

Sasa nije kwenye mafanikio. Kituo, katika muda mfupi huu, kimejipatia maktaba yenye nafasi ya vitabu elfu kumi. Kituo kina maabara ambayo iko kwenye hatua ya juu sana ya kufikiriwa. Kituo kina walimu waliobobea, wengine wamebobea mpaka nchi nyingine. Kila Jumamosi Kituo kinatoa masomo ya hesabu, fizikia, na namna ya kusalimiana na profesa, na mtoto ambaye hajawahi kuyahudhuria asije akasema hayapo, aseme yeye ndiye hayupo.

(Patrick, mtoto wa Josephine, mrefu kama nguzo ya umeme, akauliza kutoka nyuma kwa Kiingereza. Hawa watoto Kiswahili wanakielewa chote, hasa ukiwasengenya, lakini kujibu ni Kiingereza. Joyeuse akanitafsiria sikioni: "Anauliza, Kituo kiko mtaa gani, yeye angependa kwenda kuona hiyo maktaba." Prezida akatabasamu kama mtu aliyekanyagwa kidole.)

Kijana, swali zuri. Swali zuri sana, na linaonyesha malezi ya Kituo. Nikujibu kitaalamu. Kituo, mwanangu, si mahali. Watu wa mawazo madogo wanafikiri kituo lazima kiwe na mlango, kiwe na dirisha, kiwe na choo. Kituo ni dhana! Kituo ni netiwaki! Uingereza yenyewe, ukiitazama kwenye ramani, ni kisiwa, lakini mbona imefika kwetu? Kituo!

("Kiko," tukasema, ila sasa kama watu wanaoitikia rozari saa ya usingizi. Mama mmoja akasema, "Majina!" Mwingine, "Majina, Prezida, sambusa zinapoa!" Wale wa Brazil wakaanza kugonga meza. "Majina! Majina!" Hapo nikamtazama Eustache vizuri. Mimi nimezaa watoto tisa, mtu anayeficha kitu namjua kwa mabega. Akatia mkono mfuko wa ndani wa koti, ukatoka mtupu. Akatia wa nje, akatoka na leso. Mtu amevaa koti la sufu mwezi wa sita, jasho linamtiririka mpaka kwenye tai, na macho yanatafuta mlango. Nikasema moyoni, Yesu wangu, hana. Hana jina hata moja.)

Majina yapo! Msiwe na haraka, haraka ndiyo iliyotutoa kwetu. Majina yapo, yamehifadhiwa, yako kwenye mfumo wa kisasa wa kuhifadhi, ambao usalama wake ni wa hali ya juu kiasi kwamba hata mimi... hata mimi lazima nijipe ruhusa. Lakini kabla ya majina, ngoja niseme kidogo kuhusu historia ya elimu duniani. Elimu ilianza zamani...

(Nikaona huyu akianzia zamani, gari la posta litapita kuchukua barua, na Amandine keshaanza kufunga zipu ya mkoba. Nikaamka. Goti likalia kwaa. Nikachukua gilasi ya maji mezani nikampelekea pale mbele, kwa heshima zote, mikono miwili, kama anavyopelekewa mkubwa. Alipoinama kupokea nikamwambia sikioni: "Eustache, mwana wa watu, najua huna kitu mfukoni. Sema hivi: Joyeuse, uuguzi, chuo kikuu cha Hamilton. Sema kwa sauti." Akanitazama. Nikamwambia, "Kunywa." Akanywa.)

...zamani sana, lakini historia itasubiri, kwa maana ruhusa imefika. Naam! Imefika sasa hivi. Nyamazeni. Wa kwanza. Kwa idhini ya komisheni, na baada ya mashauriano ya ngazi za juu, anapangiwa chuo kikuu cha Hamilton, kitivo cha uuguzi, binti yetu, tunda la Kituo: Joyeuse!

(Basi hapo wote wakamtazama Amandine, na Amandine hakufungua mkoba. Akasimama. "Uuguzi?" akasema. "Prezida, mimi nilikuandikisha sheria. Sheria! Kuogesha watu ninaogesha mimi, inatosha, mtoto wangu naye aogeshe?" Joyeuse akainamisha kichwa. Mimi niko pale mbele bado, nimeshika gilasi tupu. Nikamkanyaga Eustache kiatu.)

Mama Joyeuse. Mama Joyeuse, tafadhali. Kule nyumbani, redio ikisema kilimo, uliwahi kumwona mtu anabishana na redio? Komisheni imepanga. Komisheni haijadiliwi! Komisheni imeangalia kichwa cha mtoto, imeangalia moyo wa mtoto, imeangalia mahitaji ya taifa la Kanada, ambalo wagonjwa wake ni wengi na wanaongezeka, ikasema uuguzi. Na si uuguzi wa ndoo na kitambaa, mama, ni uuguzi wa digrii, wa kuvaa saa kifuani, wa kuwaambia madaktari "ngoja kwanza". Nani hapa atasimama mbele ya komisheni aseme hapana?

(Mimi sijawahi kumpenda Eustache, ila dakika ile ningembusu. Amandine alibaki amesimama. Akamgeukia binti yake, akamwuliza, polepole, "Na hicho ndicho unachokitaka wewe?" Joyeuse akajibu kwa Kiswahili, jamani, kwa Kiswahili, mtoto ambaye hata chumvi anaiomba kwa Kiingereza. "Ndiyo, Mama. Nimekitaka siku nyingi."

Zipu ya mkoba ikalia. Kopo likatoka. Amandine akapiga kigelegele kile kile cha dola milioni, akammwagia mtoto poda yote, kichwani, mabegani, ndani ya masikio, wingu likapanda mpaka kwenye taa, Prezida mwenyewe koti jeusi likawa jeupe upande mmoja. Watu wakapiga meza. Padri akashuka ngazi mbio akidhani ni moto.)

Hayo ndiyo matunda! Andikeni! Mmeona wenyewe! Na sasa, wa pili... wa pili ni... mtanisamehe, koo limekauka.

(Wamama wa kwetu si wajinga. Walikuwa wameniona nikipeleka maji. Kabla hajamaliza kusema "koo", Josephine keshaamka na gilasi yake, akanong'ona, Prezida akanguruma: "Mwana wa Josephine, Patrick, chuo kikuu cha Ottawa, uchumi!" Poda. Nyuma ya Josephine mama mwingine na gilasi, nyuma yake mwingine, foleni mpaka kwenye jiko, kila mmoja na maji yake mikononi kama wanakwenda kubatiza. Kumbe karibu kila nyumba ilikuwa na bahasha imefichwa chini ya godoro, mtoto ameshajiombea mwenyewe, mzazi anangoja tu isomwe! Prezida anakunywa, anatangaza. Anakunywa, anatangaza. "Ualimu, Sudbury!" "Kompyuta, Waterloo!" Baada ya muda akawa amebana miguu, anasimama kwa mguu mmoja kama korongo, lakini sauti haishuki.

Patrick naye, mtundu yule, ameshasomwa, akarudi foleni na gilasi ya pili akamnong'oneza. Na Prezida, ambaye hapo alikuwa hachuji tena...)

Kwa idhini ya komisheni, kwa mara ya pili, Patrick, urubani wa kwenda mwezini! Makofi!

(Tukapiga. Kwa nini tusipige?

Halafu akafika Baba Brice. Alikuwa wa mwisho kwenye foleni. Gilasi kaijaza mpaka juu, anatembea taratibu isimwagike, kopo la poda kalibana kwapani. Akampa Prezida maji, mikono miwili. Prezida akainama kumtegea sikio. Baba Brice hakunong'ona kitu. Akangoja. Prezida naye anangoja. Wakakaa hivyo, mmoja kainama mmoja kasimama, mpaka watu wakaanza kuacha kucheka. Mwishowe Baba Brice akasema, kwa sauti yake ile ya upole, "Soma, Prezida. Mimi sina cha kukuambia. Ripoti nilikupa wewe.")

Brice... ndiyo. Brice. Kuhusu suala la Brice, napenda niseme kwamba Brice yupo kwenye awamu ya pili. Awamu ya pili ni awamu nyeti, ni awamu ya watoto maalumu, haisomwi hivi hivi mbele ya sambusa. Faili la Brice linashughulikiwa. Liko mahali pazuri.

("Awamu ya pili lini?" akauliza Baba Brice. Prezida akainua gilasi akanywa, mpaka tone la mwisho, na maji yale hayakumletea jina. Brice alikuwa ameegemea ukuta, mikono mifukoni, anaangalia viatu vyake, viatu vizuri alivyoshonewa na baba yake kwa ajili ya siku ile. Joyeuse akaenda kusimama karibu naye, mweupe wote kama mzimu. Akamwambia, "Baridi ikianza tu, tunajaza pamoja. Nitarudi kutoka Hamilton kwa basi. Fomu ni zako, usimpe mtu." Halafu Amandine akamshika binti yake mkono wakapanda ngazi, kwenda kwenye lile sanduku jekundu la posta pale kona. Mimi goti halikuniruhusu. Lakini aliyewaona kanihadithia: Amandine ndiye aliyeitumbukiza kadi, akafungua tena mdomo wa sanduku akachungulia kama imeingia kweli, na mpini wa sanduku ukabaki na alama nyeupe za vidole vya poda.)

Ndugu zangu, naona baadhi yenu mnaondoka, na ninawaelewa, mnakwenda kusambaza habari njema. Nihitimishe. Kituo oyee! Pathwei oyee! Komisheni oyee! Elimu juu, juu, juu zaidi! Nani kawafikisha watoto hawa? Nani? Sitaki kusema. Kabla hatujaachana, lazima niwashukuru waliowezesha Kituo. Kwanza namshukuru mwenye nyumba wa Kituo, ambaye mara tutakapompata tutamwomba atupunguzie kodi. Nawashukuru walimu wa Kituo, kwa moyo wao wa kujitolea ambao tunautegemea kuanzia siku watakapoajiriwa. Naishukuru serikali, ambayo maombi yetu ya kusajili Kituo itayafurahia sana pindi tutakapoyaandika. Naishukuru komisheni, popote ilipo, na kama haipo, naishukuru kwa kutokutuingilia. Nawashukuru watoto wote mliohudhuria masomo ya Jumamosi; nasikia hamkuwepo, na mimi pia sikuwepo, kwa hiyo hakuna aliyemkosea mwenzake. Na zaidi ya wote nawashukuru ninyi wazazi, kwa imani. Bila imani yenu Kituo hiki kisingekuwa hapa kilipo. Kituo!

(Ukumbi umebaki viti, poda na mimi. Na Baba Brice, amekaa pale pale, kopo lake magotini, halijafunguliwa.

"Kiko wapi, Prezida?" akauliza.)

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Baba Brice, nishikie upande huu wa meza tuirudishe ukutani, maana mimi nakimbilia choo, na mlinzi anataka kufunga.